Binti yangu anaona, ila haoni ubaoni

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia kutoka Korogwe, mkoani Tanga. Nina watoto watatu. Wa kati ni binti wa miaka tisa, yuko Darasa la Tatu, na ana ualbino. Kaka yake na mdogo wake hawana. Nyumbani kwetu sasa hivi hatuelewani kwa sababu ya masomo yake, na mimi nimebaki peke yangu upande wangu.

Darasani kwao wako 94. Binti yangu ni mrefu kuliko wenzake, kwa hiyo tangu mwaka uanze amewekwa dawati la nyuma asije akawaziba wengine. Kutoka huko haoni kilichoandikwa. Anasema ubao unakuwa kama ukuta uliorushiwa chokaa, anaona weupe lakini hajui ni neno gani. Mwanzoni alikuwa anainuka, anasogea mbele, anasoma maneno mawili matatu, anarudi kuyaandika, halafu anakwenda tena. Wenzake wakalalamika anawakinga, mwalimu akamkataza. Sasa rafiki yake wanayekaa naye dawati moja anamsomea kwa kunong'ona. Wiki iliyopita wote wawili walichapwa kwa kuongea darasani. Aliporudi hakulilia fimbo. Alilia kwamba mwenzake amechapwa kwa ajili yake, na kwamba huenda watatenganishwa.

Mtihani wa katikati ya muhula uliandikwa ubaoni. Hisabati alipata 11 kwa 50. Jioni ile niliazima daftari la mtoto wa jirani, nikamsomea maswali yaleyale moja baada ya jingine, yeye akawa anaandika na kukokotoa. Alikosea mawili tu. Nilikaa kimya muda mrefu, Mwalimu. Sikujua nicheke au nilie.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu wake wa darasa ni mtu mwenye huruma, aliniambia, "Mama, mimi simlazimishi kuandika, akichoka namwacha alale." Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Akasema shule haina mwalimu wa elimu maalumu, haina vifaa, na kwamba mahali pa mtoto kama huyu ni shule ya wasioona. Akakae bweni, afundishwe nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, na huko atakuwa salama. Akaniambia nisimcheleweshe mtoto kwa mapenzi ya mama. Nilipouliza kama anaweza kuvaa kofia mstarini, maana masikio na shingo vimebabuka, nikajibiwa kofia si sehemu ya sare.

Baba yake amekubali aende. Anafanya kazi kwenye shamba la mkonge, anatoka alfajiri, na anasema mwili unakuwa kazini lakini roho iko njiani kwa mtoto. Ni mwendo wa dakika arobaini kufika shule, na kuna kipande chenye vichaka. Mama mkwe naye anasema bora aende, maneno ya watu yapungue. Mimi sitaki. Hajawahi kulala nje ya nyumba hii hata siku moja. Lakini mwakani kuna mtihani wa Darasa la Nne, na naogopa nikishikilia langu nitakuwa ndiye niliyemharibia.

Nimpeleke? Hiyo nukta nundu itamsaidia? Na kama ni kubaki, nidai nini pale shuleni, na kwa mdomo gani, mimi niliyeishia Darasa la Saba?

Mama wa watatu, Korogwe

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimesimama palepale: maswali yaleyale, siku ileile, mtoto yuleyule. Ya ubaoni 11, ya kusomewa amekosea mawili. Kipimo hicho umekifanya mwenyewe jikoni kwako, na kimesema kila kitu. Akili ya binti yako iko sawasawa. Kinachomwangusha ni zile hatua kati ya macho yake na chaki. Kwa hiyo nakujibu swali la kwanza bila kuzunguka: usimpeleke bweni kwa sababu walizokupa. Hizo hatua zinaweza kupunguzwa palepale alipo.

Nianze na macho, kwa sababu kosa la mwalimu mkuu limeanzia hapo, na ni kosa la watu wengi wenye nia njema. Mtoto mwenye ualbino anazaliwa na upungufu wa rangi kwenye ngozi, nywele na macho. Ndani ya jicho, ile sehemu ndogo ya kuonea vitu vidogo kwa undani haikui kikamilifu tangu tumboni. Ndiyo maana macho yake yanachezacheza, mwanga mkali unamuumiza, na hata akivaa miwani nzuri bado vitu vya mbali vitakuwa na ukungu. Miwani inasaidia, inaweza kusaidia sana, lakini haimfikishi kwenye kuona kama kaka yake. Hali hiyo inaitwa uoni hafifu. Kutoona ni jambo jingine kabisa. Tena sikiliza hili, maana najua kuna mtu atakuja kumkemea: kusogeza daftari hadi karibu na pua hakumharibu macho. Ndivyo anavyoona. Mwache asogeze.

Kuhusu nukta nundu, nikusimulie nilichokiona. Nilifundisha miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo ilikuwa kwenye shule ya wasioona. Siku moja nilimsimamia mtoto mwenye ualbino akisoma kwa sauti kitabu cha nukta nundu. Alikuwa anasoma vizuri. Nikatazama vidole vyake. Vilikuwa vimelala mezani, havigusi chochote. Alikuwa ameinamisha kichwa hadi shavu linakaribia karatasi, amegeuza kitabu upande wa dirisha ili vinundu viangushe vivuli vidogo, na alikuwa anasoma vile vivuli kwa macho. Karatasi nyeupe, vinundu vyeupe, hakuna wino. Tulimpa mtoto anayeona maandishi magumu kuliko yote kwa macho, tukaita msaada. Baadaye nilikuja kujua hakuwa peke yake, wenzangu wa mikoa mingine wamewaona wa namna hiyo wengi. Nukta nundu ni kitu kikubwa kwa asiyeona, imewafikisha watu chuo kikuu. Binti yako anahitaji wino mweusi, herufi kubwa na karatasi iliyo karibu.

Sasa tufanye kazi.

Kabla hujarudi shuleni, mpeleke akapimwe macho. Kwa mkoa wenu iko hospitali ya rufaa ya Bombo, pale Tanga mjini, na mkiweza kufika Moshi, hospitali ya KCMC ina kliniki kubwa ya macho. Ukifika usiseme tu "nataka miwani". Sema mtoto ana ualbino na unaomba tathmini ya uoni hafifu: anasoma herufi za ukubwa gani, kwa umbali gani, na kama lenzi ya kukuzia au ile darubini ndogo ya kushika mkononi itamfaa kusomea ubaoni. Omba majibu kwa maandishi, yenye muhuri. Hiyo karatasi ndiyo itakayoongea kwa niaba yako kila ofisi utakayoingia, na hapo ndipo elimu yako ya Darasa la Saba inapoacha kuwa kikwazo. Ukiwa hukohuko uliza kuhusu losheni ya jua. KCMC wanatengeneza losheni maalumu kwa watu wenye ualbino, na inagawiwa kupitia kliniki na vyama vyao. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania nacho kinajua njia za kuipata, watafute.

Siku ya kwenda shuleni chukua madaftari mawili: lile alilonakili kutoka ubaoni na lile uliloandikisha wewe jioni. Usianze kulalamika. Yafungue yote mawili mezani kwa mwalimu mkuu, ukurasa wa somo moja, kisha unyamaze aangalie. Upande mmoja sentensi zimekatika katikati, 8 imekuwa 3, hesabu imeanza na haina jibu. Upande wa pili mwandiko uleule umepanga kila kitu. Nimewaona walimu wakuu wagumu wakibadilika mbele ya madaftari ya namna hiyo, kwa sababu mwalimu yeyote, hata aliyechoka, anajua kusoma daftari.

Halafu omba mambo haya, na uone kwamba karibu yote hayana gharama. Dawati la mbele, katikati, mahali ambapo mwanga wa dirisha haumpigi usoni. Kama urefu wake unawasumbua walio nyuma, wakae upande, yeye abaki mbele. Apewe ruhusa, itangazwe darasani na mwalimu mwenyewe, ya kuinuka na kusogea hadi ubaoni wakati wowote bila kuomba. Ikishakuwa kanuni ya darasa, baada ya wiki moja hakuna mtoto atakayepiga kelele. Mwalimu asome kwa sauti kila anachokiandika. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linamsaidia binti yako na linawasaidia wengine 93, wakiwemo wenye macho mabovu ambao hakuna aliyewagundua. Ubao wenyewe utazamwe: ukishachakaa unang'aa, na ubao unaong'aa ni adui wa mtoto mwenye ualbino. Kopo la rangi nyeusi isiyong'aa ni jambo ambalo kamati ya shule inaweza kulimaliza kwa kikao kimoja.

Na yule rafiki yake. Mwanangu, shule nzima haijampa binti yako msaada kama aliopewa na mtoto huyo wa miaka tisa, na alicholipwa ni fimbo. Liseme hilo kwa upole, lakini liseme. Omba wabaki dawati moja na kunong'ona kwake kuruhusiwe. Ipo pia njia ya zamani ambayo niliitumia mimi: karatasi ya kaboni. Rafiki anaandika kwenye daftari lake kama kawaida, chini ameweka kaboni na karatasi tupu, mwisho wa kipindi binti yako anapata nakala yake ya kusomea karibu, kwa nafasi yake. Kaboni moja inatumika mara nyingi. Nyumbani mtafutie fundi seremala amtengenezee kibao cha mteremko cha kuegeshea kitabu, asiwe anainamisha shingo saa zote. Watoto hawa wanaumwa shingo na mgongo mapema na hakuna anayewauliza.

Uliza pia kuhusu vitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania inachapisha vitabu vya kiada vya maandishi makubwa kwa wanafunzi wenye uoni hafifu. Shule nyingi za kawaida hazina kwa sababu hazijaripoti kwamba zina mwanafunzi anayevihitaji. Hapo ndipo anapoingia Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yako. Nenda kwake na ile karatasi ya hospitali, umwombe binti yako aorodheshwe kama mwanafunzi mwenye uoni hafifu, na umuulize kama kuna mwalimu wa elimu maalumu kwenye shule ya jirani anayeweza kuja kuwaelekeza walimu wa kwenu, hata mara moja kwa mwezi. Nchi hii ina chuo cha kufundisha walimu wa namna hiyo, Patandi, kule Arusha, na waliosoma pale wamesambaa mikoani. Mwalimu wa kawaida hahitaji kurudi chuoni ili amfundishe binti yako. Anahitaji mtu wa kumwonyesha kwa nusu siku.

Mtihani wa Darasa la Nne usikutie hofu, ila usikupite. Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye uoni hafifu: karatasi ya maandishi yaliyokuzwa, na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine. Lakini karatasi hiyo haiji yenyewe siku ya mtihani. Lazima shule iwe imemsajili kwa kundi lake mapema, wakati wa kujaza taarifa za watahiniwa. Mwaka ukianza, nenda umuulize mwalimu mkuu kwa jina: "Umeshamsajili binti yangu kama mwenye uoni hafifu?" Rudi tena kabla usajili haujafungwa. Na kuanzia sasa omba mitihani ya ndani apewe kwenye karatasi, hata kama mwalimu ataiandika kwa kalamu nene kwa mkono wake. Mtihani wa ubaoni kwa mtoto yule unapima macho, na macho yake tayari tunayajua.

Kofia usiiachie. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni jua letu linachoma ngozi isiyo na kinga, na mchubuko wa leo shingoni ndio unaoweza kuja kuwa saratani ukubwani. Watu wenye ualbino wengi hapa kwetu wamekufa kwa saratani ya ngozi ambayo ingezuilika. Kofia pana, mikono mirefu, sketi ndefu, na wakati wa michezo au mstari akae kivulini. Sare inaweza kushonwa na kofia ya rangi ileile. Katika hili usiombe kama mtu anayeomba upendeleo, sema ni maelekezo ya daktari, na yawemo kwenye ile karatasi.

Umeniuliza uende na mdomo gani. Nenda na watu. Mchukue baba yake, na mwenyekiti wa kamati ya shule kama ni mtu wa kusikia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iko upande wako: kifungu cha 27 kinataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Binti yako anaongea, anasikia, anasoma wino. Lakini sheria iache kwenye mkoba kikao cha kwanza. Mwalimu mkuu mwenye darasa la watoto 94 naye ameachiwa mzigo bila msaada, na ukianza na kifungu atajihami. Akikataa baada ya madaftari, karatasi ya hospitali na maelezo ya upole, basi nenda kwa Afisa Elimu Kata, kisha halmashauri, na huko kitaje.

Kwa mwalimu wa darasa nina neno moja, mfikishie kwa heshima. Huruma yake ni ya kweli, sina shaka. Ila mtoto anayeachwa alale leo, kesho hana alichojifunza, na akifika Darasa la Tano kila mtu atasema hana uwezo. Amwonee huruma kwa kumpa kazi ileile waliyopewa wenzake, kwa herufi kubwa zaidi.

Sasa baba yake. Usimwone mtu mbaya, na usimwambie anaogopa bure. Tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa nchini mwetu kwa imani za kishirikina, na mwaka 2024 huko Muleba, Kagera, mtoto wa miaka miwili alichukuliwa nyumbani kwao na kuuawa. Wakati mauaji yalipopamba moto, watoto wengi wa Kanda ya Ziwa walikimbiziwa kwenye vituo na shule za bweni, kama Buhangija kule Shinyanga, na ilikuwa ni kuokoa roho. Anayewalea watoto hao sina la kumlaumu. Lakini nimekutana na vijana walioingia bweni wakiwa wadogo kuliko binti yako, wakakaa miaka bila kwenda nyumbani hata likizo, na siku mama alipokuja walimpa mkono kama mgeni. Hilo nalo ni jeraha, na mtu asikuambie ni mapenzi ya mama tu.

Kwa hiyo hofu ya baba ipewe kazi. Kile kipande cha vichaka ndicho cha kuzungumzia. Mtoto asikipite peke yake hata siku moja: atoke na kaka yake, watoto wa majirani wakusanyike nyumba moja asubuhi, na kurudi vilevile. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na kwa polisi kata, wajue kwamba mtoto huyu anapita njia hii saa fulani. Waombe wanakijiji wafyeke kile kichaka, ni kazi ya Jumamosi moja. Mwalimu wa zamu ajue nani anamchukua, na mtu mwingine akija asimpe, hata awe ndugu. Baba akiona mpango huo umeandikwa na umeanza kufuatwa, muulize tena kuhusu bweni. Kama mmefanya yote na bado kuna tishio la kweli, mtu anayefuatilia, maneno yanayosikika, basi nitakuwa wa kwanza kukuambia mpeleke mahali palipo salama, shule ya kawaida yenye bweni na kitengo cha uoni hafifu, na mwende kumwona kila mwezi.

Mama mkwe anataka maneno ya watu yapungue. Mpe kazi yeye pia. Amkate mjukuu wake kucha, amsuke, amsikilize akisoma kitabu jioni akiwa amekisogeza puani. Bibi anayemsikiliza mtoto akisoma hachukui muda mrefu kuanza kumsifia kwa majirani.

Na binti yako mwenyewe hatujamsemesha. Mfundishe sentensi moja, muifanyie mazoezi nyumbani hadi aitamke bila kutazama chini: "Mwalimu, sioni kutoka hapa, naomba nisogee." Ataihitaji sekondari, ataihitaji chuoni, ataihitaji akiwa na dirisha la benki mbele yake. Wewe uwe mwalimu, yeye asimame, kaka yake awe darasa. Siku ya kwanza ataisema kwa sauti ndogo.

Yale madaftari mawili yaweke kwenye bahasha ya kaki leo, yasije yakachanganyika na mengine. Bombo nenda wiki hii kama nauli ipo. Ukitoka kwa mwalimu mkuu niandikie alisema nini baada ya kuyaona, na niambie rafiki yake amebaki dawati gani.